Mstari Mtupu Kwenye Orodha ya Utambulisho

Tangu nikiwa mdogo Morogoro, kitu nilichokitamani ni kipaza sauti. Wenzangu walitaka udaktari na urubani. Mimi nilitaka kuwa MC wa harusi, yule jamaa anayeingia ukumbini na suti inayong'aa, anamwambia baba mkwe aketi, na baba mkwe anaketi kweli. Nilifanya mazoezi jikoni kwa upawa, nikiwatambulisha kuku.

Toronto niliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikapata kazi ya kupakia mizigo Malton, kando ya uwanja wa ndege. Kipaji changu nikakimalizia kwa wapakiaji wenzangu, ambao walicheka mpaka msimamizi akatukaripia. Sifa zikawafikia Watanzania wa huku. Kila harusi ilipokaribia, kamati ilinipigia simu: "Kaka, tunakuomba utushikie shughuli." Jibu langu lilikuwa moja: nina zamu. Nilikuwa na zamu nyingi kuliko siku za juma.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Katika harusi zetu kuna utambulisho: ndugu wanasimama wawili wawili, shangazi na mumewe, baba mdogo na mkewe, muziki unapigwa, wanapunga mikono. MC hana pa kujificha, lazima ataulizwa na ya kwake. Mimi ya kwangu yalikuwa yanaendesha basi la barabara ya Eglinton.

Nilipanda basi lake kila asubuhi nikitokea mtaa wa Flemingdon Park, na ni yeye peke yake aliyenisubiri nikija mbio na chai mkononi. Mwaka wa tatu wa kupanda basi hilo, tukawa tunakaa pamoja. Ni mwanamume mrefu, mpole, mzaliwa wa huku huku, anayekula ugali kwa uma. Kwa jamaa zangu nilimwita mpangaji mwenzangu. Mpangaji gani anayejua dawa zako za presha zinakaa kabati lipi? Alinivumilia miaka kumi. Mara moja tu, tukikunja nguo, aliniuliza kama ataendelea kuwa mpangaji hata siku ya mazishi yangu. Nikajifanya natafuta soksi. Naona aibu mpaka leo.

Nilipotimiza miaka hamsini, binti wa dada yangu akachumbiwa. Amekulia Mississauga, mji jirani, Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. "Anko, it's you or nobody," akaniambia, yaani kama si mimi basi harusi haina MC. Nikafungua mdomo niseme nina zamu, ikatoka ndiyo. Siku hiyo hiyo nikanunua suti ya rangi ya zambarau, inang'aa kweli kweli.

Wiki moja kabla ya harusi nikaenda kwa dada kuchukua orodha ya utambulisho. Ameiandika kwa mkono, herufi kubwa kama za ubaoni, kwa sababu anajua sipendi kuvaa miwani. Nikaisoma nikishuka mstari kwa mstari: shangazi na mumewe, mama mkubwa, baba mdogo na mkewe. Halafu, "Mjomba wa bibi harusi na", kisha mstari mtupu.

"Hapa umesahau," nikamwambia.

"Sijasahau. Jaza mwenyewe." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Nimechoka kumpakulia mpangaji."

"Na mama je?"

Mama yetu angeitazama shughuli nzima kwa simu kutoka Morogoro. Hakuwahi kuambiwa. Ana miaka themanini, kanisani hakosi, na mimi ndiye kitindamimba wake. Kumpoteza mama ndiyo hofu iliyonipa zamu zote zile.

"Mama ni wangu pia," dada akasema. "Ukishindwa, ruka. Lakini mimi sitakuandikia uongo."

Ukumbi ulikuwa Mississauga, Jumamosi mchana. Nisiseme uongo, nilifanya kazi. Niliwaketisha wazee, nikamtania bwana harusi aliyekuwa anavuja jasho kama kabeba friji, hata wahudumu wasiojua neno la Kiswahili wakacheka. Nilikuwa na raha ambayo sikujua naruhusiwa kuwa nayo. Halafu nikaufikia ule mstari.

"Mjomba wa bibi harusi," nikasema, "ndiye mimi. Na..."

DJ akasubiri. Simu iliyomwonyesha mama shughuli ilikuwa meza kuu, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, uso wake umejaza kioo. Meza ya nane, dereva wangu alikuwa anakunja kitambaa cha mezani. Hakuwa hata akinitazama, alishazoea kurukwa. Nikampenda mpaka kifua kikauma.

"Na mwenzangu wa maisha, miaka kumi sasa. Simama, mpenzi wangu, wakuone." Hayo ya mwisho niliyasema kwa Kiingereza, asije akapata kisingizio.

Akasimama. Mzee mmoja wa kamati akachukua koti lake akatoka, na meza ya wanakwaya wakatazama sahani zao. DJ, aliyetaka tu orodha iishe, akapiga muziki. Mwenzangu akainama na kutoa neno lake moja la Kiswahili, "Shikamooni!", akiwaamkia hata watoto wa miaka sita. Watoto wakaitikia marahaba kwa furaha isiyo kifani. Watu wakaangua kicheko, dada akapiga kigelegele, wengine wakamfuata. Si wote.

Mama sikumtazama mpaka utambulisho ulipokwisha. Ndipo nikaenda meza kuu, nikaishika ile simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasogeza uso kwenye kioo. "Ni yule mrefu?"

"Ndiye, mama."

"Miaka kumi!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Kila siku napiga magoti, namsumbua Mungu mwanangu asizeeke peke yake huko kwenye baridi. Kumbe alishanijibu, wewe ukanyamaza. Hebu mlete hapa karibu, simwoni vizuri."