Shati Lililokatwa Mgongoni

Jumatatu nilikuwa barazani kwa fundi cherehani, Kariakoo, mama wa Kihindi mwenye duka la jirani alipomletea shati jeupe lililokatwa kipande kikubwa mgongoni.

"Mwanangu anajifunza urubani," alisema. "Jana karusha ndege peke yake mara ya kwanza. Aliposhuka, mwalimu wake akamkata shati, wenziwe wakapiga makofi."

"Kwa kosa gani?" fundi akauliza.

"Ndiyo pongezi yao. Litie kiraka, fundi, kabla hajaruka tena. Nikiliona hivi, silali."

Kijana mwenyewe akaingia, akatuamkia. "Mama, likishonwa nitawaonyesha nini watu?"

Fundi akanitazama, kana kwamba mimi mtu mzima ndiye niamue. Nikalishika lile shati. Lilikuwa bado lina jasho lake. Na mimi nilirudishiwa shati la mwanangu limekatwa, ila kwa mkasi wa hospitali, na mwenyewe hakurudi.

"Usilishoneshe, mama," nikasema polepole. "Lifue tu, umshukuru Mungu. Mwenye shati yupo hapa anabishana nawe."

Akacheka kidogo, akalikunja, wakaondoka pamoja.

Ni rahisi kumshauri mwenzio. Langu lipo sandukuni, na mpaka leo sijaweza kulifua.