Mashine ya shangazi ilivyogombaniwa kwenye mnada wa mtandaoni uliokuwa unakufa

Kama soko limekufa, anayepandisha bei ni nani?

Hilo swali aliniuliza shangazi yangu tukiwa kwenye kibaraza chake huko Butiama, simu iko katikati yetu juu ya kigoda. Mimi nina degree ya uchumi. Nikaichukua simu, nikaanza kuyasoma upya majina ya wanunuzi.

Wakuu, poleni na mihangaiko. Humu mimi ni msomaji kuliko mwandishi, na wanaonifahamu wanajua huwa naombaga ushahidi kwenye nyuzi za watu mpaka nachukiwa. Leo zamu yangu. Nitaandika nilichoona, na nisichokijua nitasema sikijui. Majina nimebadilisha, na ule mtandao sitautaja. Wa kanda ya ziwa mtautambua tu. Sisi tulikuwa tunauita Mnada.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Kamunyonge, Musoma, ajira hakuna. Nikaanza kuwapigia watu picha za vitu vyao, naandika maelezo, napandisha Mnada. Kitu kikiuzwa napata changu.

Kwa wasioufahamu, ulikuwa hivi. Mali unaipeleka kwanza stoo ya wakala, kwetu ilikuwa Buhare. Picha zinapanda, watu wanaweka dau, muda ukiisha mwenye dau la juu ndiye kachukua.

Sheria zilikuwa nyingi ila mbili ndizo zilizotutesa. Dau la kwanza likishaingia, mwenye mali huwezi kuitoa tena. Na ukishinda halafu usilipe, mali yako wewe iliyoko stoo yoyote ya Mnada inazuiliwa.

Zamani hizo sheria hazikumsumbua mtu. Unaweka plau la ng'ombe asubuhi kwa bei ya kutupa, jioni watu wa Shinyanga na Mwanza wanang'ang'aniana. Ndiyo maana kila muuzaji alikuwa na msemo mmoja: anza chini, bei itajipandisha yenyewe.

Mimi nilikuwa nauliza, bei inajipandishaje yenyewe? Wananicheka.

Halafu mambo yakaanza kupoa. Haikuwa ghafla. Unaweka kitu, wanaangalia watu wachache. Unaweka kingine, majina ni yale yale ya jana. Ukipiga huduma kwa wateja unaambiwa utapigiwa, na hupigiwi. Pale stoo Buhare wafanyakazi wakapungua mmoja mmoja mpaka akabaki Deo, wakala mwenyewe, anafungua mlango, anabeba, anafagia.

Kwenye group letu la wauzaji hofu ikawa ndiyo salamu ya asubuhi. Mara tukaambiwa mkoa fulani wauzaji wamekuta stoo ina kufuli jipya na ndani hamna kitu. Nikauliza nani ameliona hilo kufuli kwa macho yake. Admin akanitoa kwenye group. Nilirudishwa baada ya Mama Neema wa Mugeta kuniombea, akisema mtoto hana adabu ila hana ubaya.

Ila nitawaambia ukweli. Niliuliza lile swali kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa.

Sasa shangazi.

Shangazi ni mjane. Mume wake alimwachia mashine ya kusaga ya dizeli, na hiyo ndiyo imemlisha miaka yote. Muhogo, mtama, mahindi, kijiji kizima kilikuwa kinaamka na mlio wake. Umeme ulipofika, jirani akafunga mashine ya mota, hainuki moshi na bei yake nafuu. Wateja wakahama bila hata kuaga. Mpango wa shangazi ukawa kuuza ya dizeli kwa mtu wa mbali kusikofika umeme, anunue mota. Ile mashine ikienda kwa bei ya vyuma chakavu, mota hakuna, na yeye basi tena. Hana shamba la maana na hana ng'ombe hata mmoja.

Nilipopata habari, mashine ilikuwa imeshang'olewa, imeshapakiwa, iko Buhare kwa Deo. Na bei ya kuanzia ameweka chini kabisa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wakati hiyo ndiyo kazi yangu.

"Ningekwambia ungeniuliza maswali," akasema.

Siku za mwanzo hakuna aliyeweka dau. Kisha likaingia moja, bei ile ile ya chini, kutoka kwa mtu anayejiita Tumaini J. Profile haina picha. Hajaandika mkoa. Ndiyo hivyo, kuitoa tena haiwezekani.

Wakuu, mjue mnada wenye mtu mmoja unavyotisha. Kila ukifungua simu dau ni lile lile, muda unapungua, na ile picha ya mashine niliyokuja kuipiga upya imekaa tu hapo kama mgonjwa kwenye foleni. Shangazi akawa hali vizuri. Anapika, anasahau chungu jikoni.

Halafu asubuhi moja bei ikapanda. Ikapanda tena. Majina mawili mapya yalikuwa yameingia, na kila yakipanda Tumaini J anayaruka hapo hapo.

Shangazi alifurahi mpaka akaimba. Akanipigia nije. Nilipofika furaha ilikuwa imeanza kupungua, maana naye si mjinga, amefanya biashara kabla sijazaliwa. Ndipo akaniuliza lile swali la hapo juu.

Niliondoka na hilo swali hadi Bunda, kwa sababu jina moja kati ya yale mawili lilikuwa na harufu ya Machumu. Machumu anauza injini za pikipiki za mtumba, ni mwenzetu kwenye group. Nikamkuta dukani kwake anaosha kabureta.

Hakukataa. Alicheka, akaniambia jina la pili ni Mama Neema.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Kwenye mnada wa ng'ombe, mnyama wako akiingia uwanjani, ndugu yako anasimama upande wa pili kama mtu baki na kutaja bei. Hakwambii kabla, maana ukijua sura yako itakusaliti na mnunuzi ataona. Anasindikiza bei, ikifika pazuri anaachia. Hakuna anayeona ni wizi. Ni kusaidiana. Wazee wetu walifanya hivyo kwa ng'ombe, na wenzangu wakaihamishia kwenye simu bila kuuliza kama simu nayo inaijua hiyo desturi.

"Tunamsindikiza tu shangazi yako," Machumu akasema. "Ikifika pazuri tunaachia."

"Na huyo wa tatu?"

"Huyo si ndiye mnunuzi."

"Umemjuaje?"

"Nyangeta, wewe hata ukipewa chai unauliza nani kachemsha."

Nikamuuliza lingine. Mkipandisha, huyo Tumaini J anachukua muda gani kurudi? Akasema hapo hapo, hata dakika haiishi. Nikamwambia, binadamu gani anashinda na simu mkononi akisubiri mashine kuukuu ya kusaga?

Hapo akaacha kuosha kabureta.

Nikamwambia ninachokiogopa. Kwamba huyo si mtu. Kwamba ni Mnada wenyewe, wametengeneza mteja hewa anayewasukuma wauzaji juu, halafu siku ya mwisho ananyamaza. Mmoja wenu anashinda, hana cha kulipia, mali yake stoo inazuiliwa kisheria kabisa. Wanafunga ofisi wakiwa na mali zetu na sahihi zetu wenyewe.

Injini zote nzuri za Machumu zilikuwa Buhare. Plau za Mama Neema pia.

Sikuwa na ushahidi. Nalisema hilo wazi. Ila nililitamka, na likishatamkwa lilianza kutembea lenyewe. Hadi narudi Musoma group zima lilikuwa linaulizana nani amewahi kumwona Tumaini J.

Hakuna.

Siku ya kufunga, mwisho wa kuweka dau ulikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa kibarazani kwa shangazi, Mama Neema yuko hewani kutoka Mugeta. Tulikubaliana hakuna kupandisha tena. Kumbe yeye alikuwa ameshapandisha mchana, kabla hatujakubaliana, na safari hii Tumaini J hakumruka.

Yaani dau la juu lilikuwa la Mama Neema, na muda unaisha.

Shangazi akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumwambia kwamba anayekaribia kununua mashine yake ni mwenzake ambaye hawezi kuilipia, kwamba mashine itabaki stoo haijauzwa na plau zitabaki nayo. Yote kwa sababu ya wema.

"Nyangeta," Mama Neema akasema, "msimu wa kulima ndio huu. Zile plau nimekopeshwa na watu."

Mtandao ukakata. Ukarudi. Ukurasa ukazunguka.

Tumaini J alikuwa ameruka juu yake.

Machumu akaandika kwenye group, tumwongezee mara moja tu ya mwisho? Bei bado ina nafasi ya kupanda. Nikaandika kwa herufi kubwa: MWACHENI. ASIGUSE MTU.

Hakuna aliyegusa. Saa kumi ikafika na mashine ikawa ya mtu tusiyemjua.

Mnadhani hofu iliisha? Siku zilizofuata ndizo mbaya zaidi. Malipo ya kwenye app yalikuwa hayafanyi kazi. Deo akatuambia mwenye jengo anadai chumba chake. Shangazi akaja kukaa kwetu Kamunyonge, kila asubuhi anakwenda Buhare kuangalia kama mlango bado ni ule ule. Kufuli nalo lilibadilishwa kweli wiki hiyo. Deo alisema la zamani lilikwama. Nilimwomba anionyeshe la zamani. Akanionyesha, lilikuwa limekwama.

Kisha mtu akaja.

Alikuja na fuso ya kukodi, mwanaume wa makamo, viatu vina vumbi la mbao. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumhoji. Deo akataka malipo yafanyike pale pale mbele ya wote, kwa simu kwenda kwa shangazi, na ujumbe wa malipo uliingia. Shangazi alinipa niusome. Niliusoma, nikapiga na kuuliza salio. Ilikuwa kweli.

Lakini hofu ilizidi, kwa sababu yule mtu hakuomba mashine iwashwe. Nani ananunua mashine bila kusikia mlio wake? Shangazi mwenyewe alijitolea kumwashia, akakataa. Aliizunguka, akagusa mkanda, akauliza swali moja tu, na alituuliza sote, si shangazi peke yake:

"Wale wawili waliokuwa wanashindana na mimi, wameshindwa kweli?"

Shangazi akamwambia wameshindwa, hongera. Mimi nikaona anatukejeli. Nikaandika namba ya ile fuso kiganjani.

Wakapakia. Wakaondoka.

Nikawashawishi Machumu na Mama Neema waombe mali zao zitolewe mnadani wakati Deo bado ana ufunguo, zile ambazo hazikuwa na dau. Walipata karibu zote. Haikupita muda app ikaacha kufunguka. Hakikutangazwa chochote, hakuna aliyeaga. Unabonyeza, inazunguka, basi. Wapo wenzetu mpaka leo hawajaona mali zao.

Shangazi alinunua mota. Wateja wengine wamerudi, wengine hawajarudi, anakula.

Somo langu ni hili, na mnaweza kulipinga. Soko la uwanjani likifa unaliona, uwanja unabaki mtupu na mbuzi wanapita. La mtandaoni likifa bado linapiga kelele, namba zinapanda, taa zinawaka, na wewe unazitazama hizo namba unasema kuna watu. Kabla hujapeleka mali yako uliza kwanza: kati ya hawa wanaonunua, ni nani asiyeuza humu humu?

Waliowahi kuuza kwenye minada ya namna hii, hasa mliokuwa upande wa pili wa ziwa, naomba mseme mliyoyaona. Hata wa kunipinga karibuni, ila njooni na ushahidi.

La mwisho, kabla hamjaanza kuchangia.

Mwaka huu mwanamke mmoja kutoka Geita alimpigia shangazi. Namba aliikuta kwenye ujumbe wa malipo, kwenye simu ya mumewe. Alikuwa anaulizia kama huku mkoani Mara kuna mtu anaweza kuichukua ile mashine, kwa bei yoyote. Iko uani kwao chini ya turubai na haijawahi kuwashwa. Mumewe ni seremala. Alikuwa muuzaji wa Mnada kama sisi, vitanda vyake vyote vilikuwa stoo ya kwao, na alilipa ili visizuiliwe. Havikutoka. Group lao lilikubaliana wapandishe bei za kila kitu wanachokiona, cha mkoa wowote, ili Mnada uonekane bado una watu na wanunuzi warudi. Kwenye mashine ya kusaga aliona watu wawili wanashindana kwa nguvu, akajua hapo hakuna hatari.

Jioni ile alikuwa anasubiri tuongeze mara moja tu, yeye aachie.