Hoja za Mama Yake Wakili

Nyumbani walimwita Wakili, na jina likamkaa. Shangazi zake husema alianza kubisha kabla hajaota meno. Kwa hiyo alipoingia darasa la Kiingereza cha juu, wanakofundishwa ufundi wa hoja na uandishi wa insha, hakuna aliyeshangaa.

Mwaka ule alitaka kitu kimoja tu: bweni. Masomo ya ziada yaliisha giza limeshaingia, na nyumbani ni mbali. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amekataa katakata. Basi Wakili akaifanya habari hiyo mada ya insha. Weee! Alimponda mama wa watu aya kwa aya, kwa Kiingereza cha kung'aa.

Mwalimu, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, akamrudishia bila alama. Alikuwa na sheria yake: kabla hujampinga mtu, ziandike hoja zake, kisha ukamsomee. Asipokiri kwamba hizo ndizo zake, insha haisahihishwi.

"Mama yako anasemaje hasa?"

"Anasema hapana, Mwalimu."

"Hiyo si hoja. Ulimuuliza?"

Loo! Hakuwa amemuuliza hata siku moja.

Jumamosi akaketi kando ya cherehani, akamuuliza mama sababu zake, kisha akafunga mdomo, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Mama alishona huku akilalamikia vyakula vya bweni, mara mbu, mara marafiki wasiojulikana wametoka wapi. Kisha mguu ukasimama juu ya pedali.

"Na ukienda, mimi nitabishana na nani? Baba yako yeye kila kitu ni sawa, sawa."

Wakili akacheka, kisha akachukua daftari. Akaandika upya. Jioni akamfasiria mama yake ukurasa mzima, na lile la kubishana limo, bila kutia chumvi wala kejeli.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Hayo ndiyo yangu," akasema. "Haya, soma na yako."

"Sijayaandika. Yako yamenishinda, Mama." Hakuwa anajibaraguza. Roho ilikuwa nyeupe. Kama ni kubaki, atabaki.

"Eti wakili!" Mama akavuta jora la kitambaa cha shuka, akashika mkasi. "Kitanda cha bweni kina upana gani? Na Jumamosi uje bila kukosa, nitakuwa nimekuwekea ubishi wa wiki nzima."