Dirisha Lenye Ngao

Mtaani walimwita Mzee Komeo, na jina lilimkaa. Miaka yote ya kazi alilinda geti la ghala la mbolea, na hata mkurugenzi mwenyewe akija bila kitambulisho alisubiri nje juani. Alipostaafu, binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, alimruhusu kutumia kompyuta ya nyumbani kwa sharti moja: "Baba, soma habari zako za mpira. Ila kitu kikijitokeza chenyewe bila wewe kukitafuta, usikibonyeze."

Basi akailinda kwelikweli. Mkewe akiisogelea na kikombe cha chai, anafukuzwa. Matangazo ya bahati nasibu yakichomoza, anayafunga huku akisonya. Shida ya mzee wa watu ilikuwa moja tu: maisha yake yote alifundishwa kuheshimu sare.

Mchana mmoja alikuwa akisoma habari za usajili wa wachezaji, mara dirisha jekundu likajaa kioo kizima. Lilikuwa na ngao, lina kufuli, lina maandishi ya kiofisi: kompyuta yako imevamiwa na virusi, bonyeza hapa isafishwe. Hebu fikiria. Wa bahati nasibu angemtimua, lakini huyu alikuja amevaa sare ya ulinzi, mwenzake kabisa. Mzee Komeo akabonyeza, na alipoulizwa kama anaruhusu programu iingie, akaruhusu.

Kusafishwa gani huko. Kurasa ambazo hakuziita zikaanza kufunguka zenyewe, moja juu ya nyingine, na kompyuta ikanguruma. Akachomoa waya ukutani, akabaki amesimama katikati ya sebule ameushika. Ripoti ya mwisho ya binti yake ilikuwa humo ndani. Ilitakiwa chuoni kesho yake asubuhi, na isipofika, binti anarudia mwaka.

Hapakukalika. Akaenda kuangalia geti kama limefungwa, limefungwa. Akarudi, akakaa, akainuka. Akakifuta vumbi kile kioo kilichozimika, kisha huyoo, getini tena.

"Leo unamlinda nani?" mkewe akauliza kutoka jikoni. "Hilo geti litachakaa kwa kuangaliwa."

"Niache, mama watoto. Moyo unanienda mbio."

Binti alipotokea kwenye kona, mzee hakungoja aingie ndani. Akamwambia palepale getini, mkoba ungali begani. "Nimewafungulia wezi, mwanangu. Walikuja na ngao."

Binti akaingia moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Akaketi, akaikata intaneti kwanza, akaiwasha kompyuta, akaing'oa ile programu, kisha akaiamuru antivirasi, programu ya kinga ya nyumbani kwao, ikague kila faili. Baba mtu alizunguka nyuma ya kiti mpaka akaambiwa akae. Akakaa ukingoni. Kikapatikana kidude kimejificha, programu ya kijasusi inayonakili kila herufi unayoandika. Nacho kikaondolewa. Ndipo binti akaifungua ripoti.

"Ipo, baba. Nzima." Akainakili kwenye flashi, akaitia mkobani. "Antivirasi yetu ni hii hapa chini pembeni. Haiwezi kukurukia katikati ya habari za mpira."

Mzee akashusha pumzi, lakini hakutulia.

"Sasa lazima nibadilishe nywila ya kuingilia kwenye kompyuta," binti akasema. "Ile ya zamani huenda wameshaiona."

Mzee alijua maana yake. Ghalani, mlinzi aliyefungulia wezi alinyang'anywa funguo siku hiyohiyo, hakuna mjadala. Vidole vya binti vilipogusa herufi, mzee akainuka taratibu akageukia ukutani, kama alivyokuwa akifanya kila mara mkurugenzi alipofungua sefu. Machozi yalimlengalenga. Aliona aibu, na aliona uchungu.

"Baba, unaangalia nini huko?"

"Ukuta."

"Hebu geuka, uione vizuri nywila mpya. Kesho nashinda chuoni. Nani atakaa getini?"