Kisima cha Mama na Unga wa Salfa

Msimu wa kupulizia mikorosho, kijiji kizima cha Nkowe kinanuka salfa. Jirani mmoja, bila haya, aliosha pampu yake ya dawa ya wadudu pembeni ya kisima cha mama. Siku mbili mama akawa anaombaomba maji kwa watu. Mimi ndiye mtaalamu wa familia, nikaenda na kimashine changu cha leza, kichwa juu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachanganya maji na tone lenye chembe za madini ya fedha. Chembe zinaikamata sumu hata ikiwa kiduchu, leza inamulika, na kwenye skrini mstari unainuka kama mlima. Nilipima barazani. Hakuna mlima. Nikarudia, hakuna.

"Una hakika?" mama akauliza.

"Mama nawe! Kunywa maji yako."

Nikaondoka zangu. Nilipofika Ruangwa mjini ndipo nikaiona mikono yangu: unga wa njano hadi ndani ya kucha. Asubuhi nilikuwa nimemsaidia mama kubeba mifuko ya salfa, kisha nikafungua chupa ya matone kwa mikono hiyohiyo. Moyo ukanipasuka paa! Salfa ikishaing'ang'ania fedha, sumu haina pa kushika. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikanunua dawa ileile ya jirani, nikaitia kwenye maji safi na kupima kwa matone yaleyale. Leza ikamulika. Hakuna mlima.

Nikapiga simu. Mama hapatikani. Nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbize, akakimbiza, na bado nikamgombeza njia nzima. Mungu wangu, asiwe amekunywa.

Nilimkuta barazani na majirani watatu, sufuria ya chai katikati, vikombe mkononi. Yule mwosha pampu naye yumo, kakaa kwa raha zake.

"Huyu hapa," mama akasema, anang'aa. "Waambie mwenyewe. Hawaamini kama umepima."

"Msinywe! Nimekosea."

Wakaviweka vikombe chini. Nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafungua chupa mpya ya matone. Kwa haraka nikamwaga tone la kwanza. La pili likaingia kwenye maji ya kisima. Mlima ukasimama, mrefu.

Nikatoka kuwaambia. Vikombe vitatu vilikuwa vimejaa. Cha mama kilikuwa kitupu.

"Mimi nilianza," akasema, "ili wenzangu wasiogope."