Kitambaa Machoni

Mdomo wangu wakati ule haukuwa na breki. Nasema mapema, mtu asije akadhani nilikuwa mtazamaji tu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, mume wangu karani mjini Kisii, na mimi nimebaki nyumbani karibu na Nyamarambe na mama mkwe na binti yangu wa miezi mitano.

Shule ya pale kwetu ililetewa mwalimu mwanamke, Mjaluo, mwenye mtoto mchanga kama wangu. Jumamosi moja alimbeba binti yangu, akamchekea. Siku mbili baadaye mtoto akawaka homa, hataki hata kunyonya. Mama mkwe akampaka siagi ya ng'ombe tumboni, akaisugua polepole kwa kiganja, kisha akanionyesha kiganja chenyewe: vinyuzi, vumbi, kipande cha nyasi kavu. Kwetu hiyo ilikuwa alama kwamba mtoto ametazamwa na mwenye jicho, vitakataka vikamwingia ngozini. Leo najua vinyuzi vile vilikuwa vya blanketi letu. Siku ile niliamini, na hakuna aliyeuliza ni jicho la nani.

Kesho yake chemchemini nikasema kwa Kigusii, kwa sauti, mbele ya wanawake wote: hawa watu wa ziwani wanakula watoto kwa macho, warudi kwao wakatazame samaki! Wanawake walicheka hadi maji yakamwagika. Mwalimu mwenyewe alikuwa akiteka maji hatua chache tu kutoka kwetu. Nilidhani haelewi. Loo! Aliweka debe chini, akainamisha uso, na tangu siku hiyo hakumtazama mtu.

Homa ya binti yangu ilikwisha yenyewe, lakini kijiji hakikurudi kuwa kile cha awali. Mwalimu akipita, milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, bila neno. Watoto wanatoweka, na mpira wao wa majani ya migomba unabaki ukibingirika peke yake njiani. Mlango wangu pia niliufunga.

Siku moja ya soko ukungu ulishuka mchana, ukaifuta migomba yote. Nikasikia hodi. Mama mkwe akaniwekea kidole mdomoni. Hodi tena. Nikamziba binti yangu mdomo asilie. Hodi ya tatu haikuja, wala miguu haikuondoka. Tulisikia pumzi mbili pale nje, moja ya mtu mzima na nyingine ndogo, inayokwaruza.

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Masikini! Amesimama uani, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea, na yeye mwenyewe amejifunga kitambaa machoni, amekikaza hadi ngozi ya paji la uso imejikunja. Mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba ya ua. Alikuja akipapasa.

"Mama," akauambia mlango kwa Kiswahili, "nimefunga macho. Sioni kitu. Mtoto wangu ana degedege. Niazimeni baiskeli nimfikishe zahanati."

Mama mkwe alinivuta kanga, nikamponyoka. Nilifungua, nikaisukuma baiskeli ya mume wangu hadi mikononi mwake.

"Fungua macho, mwalimu. Tafadhali."

"Wako yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Mfunike kwanza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikarudi nikamfunika. Ndipo akaupa mlango mgongo, akafungua kitambaa, akapanda. Ukungu ukammeza. Mlio wa mnyororo niliendelea kuusikia muda mrefu mno, kana kwamba alikuwa akizunguka nyumba.

Mtoto wake alipona. Siku ya tatu mwalimu alirudisha baiskeli, ameiosha. Nilitoka na binti yangu, uso wake wazi, nikamnyooshea.

"Mtazame, mwalimu. Nilisema upumbavu."

Aliendelea kutazama matope kati ya miguu yangu.

"Namsikia anacheka," akasema. "Inatosha."