Fahali wa Binamu

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa na koti la ngozi alilolivaa Bariadi hata mwezi wa kumi, jua likiwa la kukausha mate mdomoni, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilivaa miwani, wakanicheka. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue tunaanzia wapi.

Ilikuwa miaka ile baada ya biashara ya pamba kufunguliwa, wakati sisi bado tukihesabiwa Mkoa wa Shinyanga. Zamani mkulima alimjua mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa kila msimu walikuja wanunuzi wapya na mizani zao, na kila mmoja alitaka atambulike kwa mbali, kwa picha, maana maandishi watu waliyapita tu. Binamu alikuwa wakala wa kampuni mojawapo, na alama ya kampuni aliichora yeye mwenyewe kwa mkono, huku anapiga soga: fahali mwenye nundu, pembe zimefunguka, kichwa kimeinama kidogo kama anayekusikiliza.

Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ofisi pale Somanda, Bariadi hapohapo, lenye kompyuta moja, na digrii. Nilimwingiza fahali yule kwenye kompyuta, nikifuata kila mstari kwa mausi, ili achapwe kwenye kadi za kampuni. Kazi ilinichosha. Sifa alizipata binamu.

Ningevumilia, kama si baba. Baba alikuwa mfugaji wa upande wa Mwanhuzi, na aliuza ng'ombe ili nisome. Binamu yangu, baba alimwita "mwanangu." Mimi aliniita "mwalimu," ingawa sijafundisha hata siku moja, kwa kuwa hakupata neno jingine la mtu anayekaa kutwa mbele ya kioo. Nilitaka kitu kimoja tu: baba asimame mbele ya kazi yangu, aitazame kama anavyotazama ng'ombe mnadani, kisha aisifu.

Kampuni ikataka bango kubwa la kituo cha kununulia pamba. Binamu akaja dukani asubuhi, koti begani.

"Mwangaluka, mwalimu!" akanisalimu Kisukuma. Hata yeye alikuwa ameanza kuniita mwalimu. "Nipishe hapo. Nimeshaona unavyofanya."

Akakaa kwenye kiti changu, akamshika fahali ubavuni, akamvuta. Fahali akarefuka.

"Huyo sasa ni kenge," nikamwambia.

"Basi tunamvuta na kwa juu," akasema, akacheka, na wateja wangu wakacheka naye.

Alivuta huku na huku mpaka fahali akawa na umbo karibu la mwanzo, ila kubwa. Hapo nikaona jambo ambalo yeye hakuliona. Nilipomchora, mistari niliipa unene wa kutosha kadi. Programu ilikuza mwili wa mnyama, lakini unene wa mistari ikauacha vilevile, maana ndivyo inavyofanya usipoweka tiki kwenye kisanduku kidogo cha kuiamuru ikuze vyote pamoja. Kwenye bango pana kuliko mlango, mistari ile ingekuwa nyuzi. Fahali angeonekana kama ng'ombe wa kiangazi, mbavu na macho tu.

"Mbona kama amekonda?" mteja mmoja akauliza.

"Akichapwa atanenepa," akajibu binamu, naye huwa anaaminika.

Nikamwacha aendelee. Nililiona bango tayari limesimama, wafugaji wamelizunguka, wanauliza mnunuzi gani huyu anayeshinda njaa na ng'ombe wake. Nilimwona baba akitikisa kichwa. Picha hiyo ilikuwa tamu, nisidanganye. Kilichoiharibu ni wivu huohuo: mistari ile ilikuwa yangu, na watu wangesema mnyama yule aliyekonda katoka dukani kwangu.

"Ondoka hapo," nikasema.

Nikamrudisha fahali katika udogo wake. Nikaweka tiki, nikabonyeza Shift ili umbo lisipotoke, nikamvuta kwa kona taratibu. Akakua mzima, nundu na mistari pamoja. Herufi za jina la kampuni nikazigeuza kuwa michoro, ili kompyuta ya Mwanza, yalikochapwa mabango, isije ikazibadilishia sura.

Binamu alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Kumbe ni kitiki? Miaka yote ile chuo kikuu, kitiki?"

Bango liliposimamishwa, baba alikuja na fimbo yake. Alilitazama mbele, kisha akazunguka nyuma, kwa mazoea ya mnadani, akakuta mbao tupu, akarudi mbele bila aibu.

"Huyu amekula majani," akamwambia binamu. "Mwanangu, una ng'ombe."

Nikasubiri. Binamu, na hili ndilo sijamsamehe, akasema kweli. "Mjomba, aliyemkuza ni huyu. Mimi nilimleta mdogo kama panya."

Baba akanigeukia. "Kumbe mwalimu ndiye aliyemtunza?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Basi maziwa ni yako."

Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwagawa baadhi kwa watu wamtunzie. Mtunzaji hukama maziwa na kunywa. Ng'ombe na ndama wake hubaki wa mwenyewe, na mgeni akimsifu mnyama, anayeitikia ni mwenyewe. Hakuna anayeona kuna dhuluma hapo. Baba alikuwa amenipa haki yangu yote, mbele za watu, na binamu akacheka mpaka akavua koti.

Wiki hiyo nilikaa nyumbani mchana, nikanunua penseli laini, nikaanza kuchora fahali wa kwangu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka kwenye nundu. Mke wangu akapita na ndoo, akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa binamu.